Mambo ya Mitaani: Picha Itokayo katika Mkebe

Juma hili napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililowashughulisha vijana kadhaa wa mtaa wa Kaloleni tangu shule zifungwe, nalo ni kupiga picha kwa mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Wapita njia wengine huwacheka wakidhani ni mchezo wa watoto. Mimi nasema si mchezo, tena ni kazi ambayo mitaa yetu ya Eastlands ina haja nayo sasa kuliko wakati mwingine wowote.

Yafaa kwanza tujue kamera ni nini. Neno hili asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Ukikaa mchana katika chumba chenye giza kabisa, na dirishani pana tundu dogo moja tu, utaona kwenye ukuta ulioelekeana na tundu sura ya mambo ya nje: mti, paa la jirani na watu wapitao, vyote vikiwa kichwa chini miguu juu. Hapana uchawi. Mwanga hupita kwa mstari ulionyoka. Basi ule utokao kileleni mwa mti hupenya tunduni ukaangukia chini, na ule utokao shinani huangukia juu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Misri, aliyapima mambo haya kwa taa na tundu yapata miaka 1,000 iliyopita. Kioo cha kamera kilikuja baadaye ili kukusanya mwanga mwingi zaidi, lakini sura yenyewe yaweza kutokea bila kioo.

Sasa tazama jinsi vijana wanavyofanya. Huchukua mkebe wenye kifuniko kinachobana sawasawa, wakaupaka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Ubavuni hukata dirisha dogo. Kisha hukata kipande cha kopo la soda, wakakitoboa kwa ncha ya sindano, wakalainisha kingo za tundu kwa msasa, na kukibandika mahali pa dirisha kwa utepe mweusi wa mafundi wa stima. Mkebe wenye upana wa sentimita 10 hutaka tundu la karibu nusu milimita. Tundu likiwa kubwa picha huwa na ukungu. Likiwa dogo kupita kiasi huwa na ukungu vilevile, kwa kuwa mwanga hutawanyika upitapo mahali pembamba mno. Kipande kingine cha utepe hufunika tundu, nacho ndicho mlango wa kamera.

Asiye na karatasi ya picha na asivunjike moyo. Na aondoe kifuniko cha mkebe, atoboe tundu katikati ya kitako, na kwenye mdomo wa mkebe atandaze karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta ya kupikia. Akijifunika nguo nzito kichwani na kuelekeza tundu kwenye nyumba iliyopigwa na jua, ataiona sura yake pale karatasini. Ila asijaribu kamwe kulitazama jua lenyewe kupitia tunduni, maana litamharibu macho.

Mwenye kupata karatasi ya picha nyeusi na nyeupe huitia mkebeni katika chumba cha giza chenye taa nyekundu tu, ikiuelekea ukuta wa tundu. Mkebe huwekwa juu ya jiwe au ukuta usiotikisika, kisha utepe hubanduliwa. Jua likiwa kali, nusu dakika hadi dakika nzima yatosha. Katika mawingu ya mwezi wa Julai, ambayo wakaaji wa Nairobi mnayajua, huenda zikahitajika dakika tano au zaidi.

Habari ya dawa ya kutokeza picha itawafurahisha wasomaji wetu wakulima. Mwaka 1995 wanafunzi wa chuo kimoja cha Rochester, Marekani, pamoja na mwalimu wao Scott Williams, walionyesha kwamba kahawa ya unga iyeyukayo upesi, ikichanganywa na soda ya kufulia, hutokeza picha. Soda hiyo ni jamaa ya magadi yetu ya Ziwa Magadi, ambayo yakichomwa kwa moto mkali hutoa maji na hewa iliyomo, yakabaki soda yenye nguvu. Basi kahawa ya Kiambu au Nyeri na magadi ya Kajiado huweza kukutana katika beseni moja na kufanya kazi ya duka la dawa. Lakini vaa glavu, kwani soda huunguza ngozi, na chombo ulichokitumia usikirudishe jikoni. Mwisho, karatasi haina budi kupitishwa katika dawa ya kuimarisha picha na kuoshwa vizuri, la sivyo itageuka nyeusi yote.

Picha hiyo ya kwanza ina rangi za kinyume: mbingu ni nyeusi na kivuli ni cheupe. Kwa zamani ilibidi kuilaza juu ya karatasi nyingine na kuimulika ili kupata iliyo sawa. Leo simu ya mkononi huigeuza mara moja.

Mtu ataniuliza, ikiwa simu tunazo, mkebe wa nini? Jibu nililipata Jumamosi moja, vijana hao walipomwendea mama mzee wa mtaa wetu.

"Shikamoo, nyanya. Tunaomba ukae mlangoni pako tukupige picha, lakini usitikisike kwa dakika moja."

"Marahaba, wajukuu. Katika mlango huu nimekaa miaka mingi. Dakika moja itanishinda?"

Alikaa. Wakati huo watoto walikimbia mbele yake, mkokoteni wa maji ukapita, na mbuzi akasimama kidogo kula maganda. Picha ilipotokea, watoto hawamo, mkokoteni haumo, na mbuzi ni kivuli tu. Nyumba ya mawe ilionekana, na nyanya mlangoni pake ametulia. Mkebe hauwezi kushika kipitacho upesi, hushika kilichokaa.

Na vilivyokaa katika mitaa yetu havitakaa milele. Kijiji cha zamani cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wenyeji wake wakahamia Pumwani na Shauri Moyo. Baadaye pakajengwa nyumba nyingine kwa jina hilohilo la Pangani, nazo zikavunjwa katika miaka ya 2020 kupisha maghorofa. Mitaa mingine ya kale ya Eastlands imo katika mipango ya namna hiyo. Sisemi kwamba nyumba mpya ni mbaya. Vyumba vingi vya zamani vilijengwa kuwalaza wanaume wafanyakazi, si kulea jamaa. Nasema tu kwamba karani yeyote anaijua methali hii: mali bila daftari hupotea bila habari. Mlango wa nyanya ni mali, nao wataka daftari.

Simu nazo hupiga picha nyingi, lakini simu ikiibwa au kuharibika, mara nyingi picha huenda nayo. Karatasi iliyooshwa vizuri hukaa kabatini ikamngoja mjukuu. Tena mkebe humfundisha kijana kwa nini picha hutokea, jambo ambalo simu haimwambii. Marehemu Mohamed Amin, aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu, alianza utotoni na kamera ya sanduku iliyokwisha kutumika.

Basi, vijana wa Kaloleni, Ziwani, Bahati, Maringo na Jericho, anzeni na nyumba mnazolala. Ombeni ruhusa kwa mwenye mlango kabla ya kufungua tundu. Na nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu ya risasi mambo manne: tarehe, mtaa, namba ya nyumba, na jina la aliyekubali kukaa akatulia.