Chatu Aliyesusa Kula
Ndugu yangu, chatu wa Afrika Magharibi, yule ajikunjaye duara akiingiwa na hofu, hata akiwa na siha njema huweza kukaa miezi kadhaa pasi na kula. Basi chatu wako huyo aliyeokolewa katika dhuluma akisusa kula, tafadhali usimsukumie chakula kooni, bali kwanza mpe maficho mawili yenye kumbana mbavu, moja upande wa nyuzi 32 za Selsiasi, la pili upande wa nyuzi 26, kisha umwache faraghani. Usiku ukiingia, mtolee kwa koleo panya aliyeyeyuka barafu yote na kupashwa moto kwa maji, hasa kichwani, kwani vishimo vya mdomoni mwake huhisi joto la windo gizani. Akikataa, mwachie panya huyo mlangoni pa maficho hadi alfajiri. Mpime uzito kila juma, na akizidi kukonda, au akitokwa na ute kinywani, mpeleke kwa tabibu wa wanyama bila kukawia.