Tredimili si simu: nunua mota, si skrini

Jamani, nimechoka. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta", kila anayetaka kuweka chumba cha mazoezi nyumbani, kuanzia Malindi hadi Kilifi, ananiuliza anunue tredimili gani. Nikimwuliza ameona zipi, ananitajia ukubwa wa skrini. Skrini! Ndugu zangu, kwani miguu inakimbia juu ya skrini?

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo mtashangaa nikisema hivi: mashine bora ya kukimbilia ni ile yenye programu kidogo kabisa. Ngojeni nijieleze.

Kwanza, nguvu. Tangazo linapiga kelele, "nguvu farasi 7!" Haya, tupige hesabu. Nguvu farasi moja ni wati 746 hivi, kwa hivyo 7 ni zaidi ya wati 5,200. Sasa tazama plagi ukutani: volti 240, fyuzi ya ampea 13, jumla wati 3,120. Hizo nyingine zinatoka baharini? Hiyo ni nguvu ya kilele, ya sekunde chache tu. Uliza nguvu ya kuendelea, ile ambayo mota inaitoa saa nzima bila kupata moto.

Pili, neno "ya kibiashara". Kila muuzaji analibandika, lakini neno hilo lina mwenyewe. Viwango vya kimataifa vya ISO 20957 vinazigawa mashine za mazoezi: herufi S ni za vituo vya mazoezi, H ni za nyumbani. Itafute herufi hiyo kwenye mashine au kwenye kitabu chake. Hukuiona S? Basi muuzaji atoe ushahidi mwingine. Mashine nyingi za S zina mota ya AC isiyo na brashi za kulika, na zina uzito wa kilo 150 kwenda juu. Pima ngazi na mlango wako kabla hujalipa. Na kama ni mtumba wa Marekani, hakikisha haikuundwa kwa volti 120.

Tatu, chumvi. Sisi si watu wa Nairobi. Upepo wa kusi unaokula mabati na majenereta hautaisamehe bodi ya umeme ya tredimili. Kila skrini, kila spika, ni mlango mwingine wa kutu. Na ikiharibika, nani ataibeba kilo 150 kutoka Malindi hadi Mombasa, kilomita 120 hivi, kumfuata fundi? Uliza kama mkanda, bodi na mota vinapatikana humu nchini.

Sasa nafika kwenye linalonikera hasa. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton iliziita zirudi mashine zake za Tread+, baada ya kifo cha mtoto na ajali nyingine nyingi. Ikaleta programu ya kuzifunga kwa namba ya siri. Vizuri. Lakini kufuli hilo likaja pamoja na ada ya kila mwezi: asiyelipa akakuta hawezi hata kukimbia tu kwenye mashine aliyoinunua kwa zaidi ya dola 4,000. Watu walipopiga kelele, wakapewa miezi mitatu ya bure. Mwaka huohuo wenye mashine za NordicTrack, waliozoea kufungua mfumo wa ndani ili watazame filamu wakikimbia, wakafungiwa mlango kwa sasisho la programu.

Usiniambie ni usalama. Tredimili huwa na kifunguo chenye kamba. Kichomoe, kiweke juu ya kabati, mtoto hataiwasha. Hakihitaji intaneti wala ada.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mashine inayosubiri ruhusa ya seva ya ng'ambo ni nguo ya kuazima, hata kama risiti ina jina lako. Nami najua seva zinavyoishi: siku kampuni ikiona hazilipi, inazizima.

Kuna atakayesema, "Si ukakimbie ufukoni, ni bure!" Kweli, kwa kijana. Lakini mama mwenye sukari, aliyeambiwa na daktari atembee kila siku, na ambaye hapendi kutazamwa wala hawezi mchanga gizani, yeye afanyeje? Kwake mashine ile ni dawa. Dawa haifungwi kwa nywila.

Kwa hivyo, ukienda dukani, uliza manne tu: nguvu ya kuendelea ni ngapi? Ni S au H? Vipuri viko wapi? Na ukichomoa intaneti, itakimbia? Ijaribu hapohapo, intaneti imezimwa. Muuzaji akianza kukuonyesha video za milima ya Uswisi, mwachie skrini yake.