Tumbo la Mtoto na Saa za Tajiri



Katika mitaa yetu ya Eastlands, toka Kaloleni na Makongeni mpaka Umoja na Dandora, mtoto wa miezi minne akilia usiku, akicheua na kuhara, mama huambiwa upesi ya kwamba tumbo la mtoto halipatani na maziwa, basi anunue mkebe wa maziwa maalumu. Uko mkebe wa kuzuia kucheua, uko wa gesi, uko usio na ile sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Bei yake hupita ya mkebe wa kawaida, na huo wa kawaida tayari wamshinda mtu wa kibarua. Sisi twasema wazi: kwa wengi wa watoto hao shida haikuanzia tumboni. Ilianzia kwenye saa za kazi za mama.

Fanyeni hesabu. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. (Hata hiyo miezi 3 haikuwapo zamani. Chini ya sheria ya mwaka 1976 ilikuwa miezi 2, tena mama alipoteza likizo yake ya mwaka.) Basi ile miezi 3 iliyobaki ni ya nani? Mama yuko Industrial Area, amesimama kwenye mashine toka asubuhi. Mtoto yuko kwa jirani, katika chumba kimoja, ambako maji ya mfereji huja leo na kesho yasije, na yakija huwekwa katika mtungi. Mwenye kibarua yeye hurudi kazini hata kabla ya mwezi kwisha, ingawa kifungu cha 37 cha sheria hiyo chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja asihesabiwe tena kibarua.

Hapo ndipo chupa huingia. Maziwa ya unga si safi kabisa ya kutokuwa na vijidudu, hata mkebe ukiwa mpya. Yatakiwa maji yaliyochemshwa, yakorogwe yangali na moto usiopungua digrii 70, kisha yapozwe, tena kila mara mtoto alapo. Nani katika chumba cha kupanga ana makaa au gesi ya kufanya hivyo mara sita kwa siku? Mtoto wa umri huo humaliza mkebe wa gramu 400 kwa siku tatu au nne, yaani mikebe minane au tisa kwa mwezi. Mshahara hautoshi, basi unga hupunguzwa na maji huongezwa. Mtoto ahara, akonda. Ndipo auziwa mkebe wa pili, wa kutibu aliyoyaleta wa kwanza.

Hatumlaumu mama hata kidogo. Lakini na ajue mambo haya. Kucheua kidogo na kulia jioni ni desturi ya watoto wachanga. Msokoto wa tumbo kwa kawaida huisha mtoto afikapo miezi 3 au 4, awe amenunuliwa mkebe au hakununuliwa. Na hiyo laktosi wanayotutisha nayo imo katika maziwa ya mama kwa wingi kuliko ya ng'ombe! Mtoto anayehara huendelea kunyonya, hupewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na dawa ya zinki, na akilegea au akiwa na damu katika choo apelekwe zahanati siku ile ile.

Wako watoto wachache ambao miili yao yakataa kweli protini ya maziwa ya ng'ombe, na wachache zaidi waliozaliwa wasiweze sukari ya maziwa kabisa. Hao ni wa daktari, si wa muuza duka. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya. Twataka mtoto wa namna hiyo apate maziwa yake kwa bima hiyo.

Makampuni haya twayafahamu. Mwaka 1974 kijitabu cha War on Want huko Uingereza kilifichua jinsi yalivyowavalisha wauzaji mavazi ya wauguzi ili waingie kwa mama wa Afrika. Mwaka 1981 ulimwengu ukaandika kanuni ya kuyazuia, na Kenya ikapitisha sheria yake mwaka 2012, inayokataza kutangaza maziwa haya na kutoa zawadi kwa wahudumu wa afya. Mwaka 2023 jarida la madaktari la Lancet likaonyesha ujanja mpya: kilio cha kawaida cha mtoto hugeuzwa ugonjwa, kisha dawa yake huuzwa mkebeni.

Basi tajiri naye anadaiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka kila mwajiri aweke chumba cha kunyonyesha, chenye mahali pa kunawa mikono na pa kuhifadhia maziwa yaliyokamuliwa yakiwa baridi, wala kisiwe chooni. Yampa mama nafasi ya kunyonyesha au kukamua, mpaka saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na saa ya chakula, na muda huo walipwa. Ni viwanda vingapi mnavyovijua vyenye chumba hicho? Tajiri ana nafasi ya kuegesha magari yake sita, lakini hana nafasi ya kiti kimoja na meza.

Kwa hiyo kila mwakilishi wa wafanyakazi na aulize kiwandani mwake kabla ya mkutano ujao wa tawi: chumba kiko wapi, mama wangapi wananyonyesha, na je, dakika zao zakatwa mshahara? Majibu yaandikwe kwa karatasi na kuletwa ofisini. Palipo na ukaidi twapeleka barua kwa Ofisa wa Kazi, na chumba hicho twakitia katika madai ya mapatano mapya, mstari mmoja na nyongeza ya mshahara.