Filamu ya Mapanki: Mgeni Alipewa Tuzo, Mwenyeji Akakamatwa

Ndugu msomaji wa Muhuru Bay, Sori, Mbita na Kendu Bay, mgongo wazi unaujua. Minofu ya mbuta inaenda kiwandani iuzwe ng'ambo, sisi tunabaki na kichwa na mifupa, tunakaanga, tunakula na ugali. Huko Mwanza wanaita mapanki.

Mwaka wa 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu ya makala kuhusu biashara hiyo Mwanza: Darwin's Nightmare. Ilishinda tuzo ya Ulaya, ikapata César ya Ufaransa 2006, na mwaka huo huo ikawania Oscar. Lakini Tanzania ilizua balaa. Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana Mwanza.

Hasira yao ilikuwa na msingi. Filamu inadokeza kwamba ndege za kubeba minofu huleta silaha Afrika, lakini haionyeshi hata bunduki moja ikishushwa Mwanza. Mji mzima nao ukachorwa kama mahali pa makahaba, watoto wa mitaani na samaki waliooza tu.

Sasa angalia ni nani aliumia. Sauper alikuwa kwao Ulaya. Mwanahistoria Mfaransa aliyemshutumu kwa udanganyifu alishindwa kortini Paris 2008. Lakini mwandishi wa habari wa Mwanza, aliyehojiwa tu ndani ya filamu, alikamatwa na uraia wake ukatiliwa shaka.

Usiseme hayo ni ya Tanzania. Mei 2025 hapa Kenya watengenezaji filamu wanne walikamatwa baada ya BBC kutoa filamu kuhusu waandamanaji waliouawa nje ya bunge Juni 2024. BBC ikasema hawakuhusika.

Msimamo wetu ni huu: filamu ikikosea, ijibiwe kwa ukweli. Onyesha kosa, toa ushahidi, tengeneza filamu yako. Pingu si jibu. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, wa mvuvi wa Sori sawa na wa mshindi wa tuzo.

Na sisi tusijifiche nyuma ya makosa ya Sauper. Jaboya bado iko kwenye fuo zetu, kina mama wakidaiwa miili yao ndio wapate samaki. Hiyo haikuletwa na kamera ya mzungu. Kikao cha BMU kikiitwa ufuoni kwenu, simama useme. Na mwenzako akisimama kusema, simama naye. Tukinyamaza, mgeni atakuja kutusimulia apendavyo, halafu atakayeulizwa na polisi ni wewe.