Jade Goody: televizyo ilimpa jina, maisha yake yakageuka bidhaa

Mwishoni mwa mwaka 2023, Waingereza waliofuata shindano la dansi la BBC, Strictly Come Dancing, walimuona kijana Bobby Brazier akifika hadi fainali. Katika moja ya dansi zake alicheza kwa kumkumbuka mama yake. Mama huyo ni Jade Goody, aliyefariki tarehe 22 mwezi wa tatu 2009 akiwa na miaka 27. Siku hiyo Uingereza ilikuwa inaadhimisha sikukuu ya akina mama. Bobby alikuwa na miaka mitano, mdogo wake minne.

Jade hakuwa mwimbaji, wala mchezaji wa filamu, wala mwanamichezo. Alijulikana kwa sababu moja tu: watu walimtazama akiishi. Ndiyo maana historia yake bado inazungumziwa kila mara swali hili linaporudi: mtu aliyepata jina kwa kuonekana tu, kamera zikizimwa, anabaki na nini cha kuuza?

Kutoka Bermondsey hadi kila nyumba

Jade alizaliwa mwaka 1981 na kukulia Bermondsey, kartie ya watu wa kipato kidogo kusini mwa London. Baba yake alikuwa mtumiaji wa madawa ya kulevya na alipitia gerezani. Mama yake alipoteza nguvu ya mkono mmoja katika ajali ya pikipiki, na Jade alianza kumsaidia kazi za nyumbani akiwa bado mtoto mdogo.

Mwaka 2002, akiwa msaidizi wa munganga wa meno, aliingia katika nyumba ya Big Brother, kipindi cha Channel 4 ambamo washiriki hufungiwa pamoja kwa wiki nyingi huku kamera zikiwafuata usiku na mchana. Alichekwa tangu mwanzo. Alidhani Cambridge iko ndani ya London, na jimbo la East Anglia, lililo ndani ya Uingereza, alilitaja vibaya akifikiri ni inchi ya kigeni. Magazeti ya udaku yalimwita nguruwe. Hakushinda, alimaliza wa nne.

Lakini yeye hakusahaulika. Watu waliokuwa wakimcheka walianza kumpenda, kwa sababu hakujificha. Alipata vipindi vyake mwenyewe, akafungua saluni, akatoa kitabu cha maisha yake na manukato yenye jina lake. Msichana wa Bermondsey akawa tajiri.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Fundi seremala akikosana na wateja wake, ufundi unabaki mikononi mwake na anaweza kuhamia mji mwingine. Jade alikuwa anajiuza mwenyewe. Jina likichafuka, duka lote linafungwa.

Siku jina lilipochafuka

Ilitokea mwezi wa kwanza 2007. Channel 4 ilimrudisha katika Big Brother ya watu mashuhuri, safari hii pamoja na mama yake na mpenzi wake. Ndani ya nyumba alikuwemo pia Shilpa Shetty, mchezaji wa filamu kutoka India. Jade na wenzake wawili walimtukana na kumdhihaki, kwa maneno ambayo wengi waliyaona kuwa ya ubaguzi wa rangi.

Ofcom, taasisi inayosimamia redio na televizyo nchini Uingereza, ilipokea malalamiko zaidi ya 44,000. Huko Patna, India, waandamanaji walichoma sanamu za watayarishaji wa kipindi. Gordon Brown, wakati huo waziri wa feza, alikuwa ziarani India na akalazimika kujibu maswali juu ya kipindi cha televizyo. Jade alitolewa kwa asilimia 82 ya kura, na Shilpa akashinda. Manukato ya Jade yaliondolewa madukani.

Jade alikosa, na aliomba msamaha hadharani zaidi ya mara moja. Lakini mizani haikuwa sawa. Baadaye Ofcom iliamua kwamba Channel 4 ilivunja kanuni na kuilazimisha kusoma uamuzi huo hewani. Kituo kilisoma tangazo na kuendelea na biashara. Mshiriki alipoteza karibu kila kitu.

Ugonjwa mbele ya kamera

Mwezi wa nane 2008 alikwenda India kushiriki Bigg Boss, kipindi cha aina ileile, ambacho mtangazaji wake alikuwa Shilpa Shetty. Ilikuwa nafasi ya kusafisha jina. Alikuwa na siku chache tu ndani ya nyumba alipopewa habari kutoka Uingereza: vipimo vimeonyesha ana kansere ya mlango wa kizazi. Alirudi kwao mara moja.

Mwezi wa pili 2009 wamunganga walimwambia kwamba ugonjwa umesambaa na hautapona. Jade alichagua kutoficha. Alifunga ndoa tarehe 22 mwezi huo, na haki za picha za harusi ziliuzwa kwa gazeti la OK!, kwa pauni 700,000 kama ilivyoripotiwa wakati ule. Televizyo ilirekodi. Baadhi ya watu walisema hiyo ni kuuza kifo. Jibu lake lilikuwa wazi: feza ni za watoto wake wawili, wasome na wasiishi utoto kama wake. Mwezi mmoja kamili baada ya harusi, alifariki.

Kumlaumu ni rahisi. Lakini ni nani aliyemfundisha kwamba maisha yake ni bidhaa? Kwa miaka saba vituo na magazeti vilinunua kicheko chake, machozi yake na aibu yake. Safari ya mwisho, angalau, bei aliipanga yeye.

Sheria zilikuja zikiwa zimechelewa

Ilichukua muda mrefu Uingereza kukubali kwamba vituo vina wajibu kwa watu vinaowatumia. Ni baada ya vifo vya washiriki wawili wa zamani wa Love Island, mwaka 2018 na 2019, na kifo cha mtu aliyerekodiwa kwa kipindi cha Jeremy Kyle, ndipo bunge lilianzisha uchunguzi. Kanuni mpya za Ofcom zilianza kazi mwezi wa nne 2021: kituo kinapaswa kumueleza mshiriki hatari zinazoweza kumpata, na kumlinda ikiwa kushiriki kunaweza kumuumiza.

Karibu zaidi na sisi, Mtanzania Idris Sultan alishinda Big Brother Africa mwaka 2014 na dola 300,000. Yeye aligeukia uchekeshaji na filamu. Tofauti ni hiyo: jina lilimfungulia mlango, kisha akaingia na kazi mkononi.

Kilichobaki kwa akina mama

Kuna jambo ambalo hakuna kituo kilichopanga. Jade alipokuwa mgonjwa, wanawake wa Uingereza walikwenda kupimwa kwa wingi. Utafiti uliotolewa baadaye ulikadiria kwamba kati ya katikati ya 2008 na katikati ya 2009, vipimo karibu nusu milioni zaidi ya kawaida vilifanyika England. Lakini hofu haidumu. Miaka kumi baadaye idadi ya wanaopimwa ilikuwa imeshuka tena.

Hilo linatuhusu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba kansere hii iliua wanawake karibu 350,000 mwaka 2022, na zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa katika inchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika kusini mwa Sahara ni kati ya maeneo yanayoumizwa zaidi. Ni ugonjwa unaoweza kuzuiliwa kwa chanjo ya wasichana dhidi ya kirusi cha HPV. Kuna pia kipimo kisichohitaji mashine: muuguzi aliyefundishwa anapaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mashaka inageuka nyeupe. Ikionekana mapema, inatibiwa.

Uingereza ilingoja vifo ili kuwalinda washiriki wa televizyo, na ikahitaji kifo cha mtu mashuhuri ili wanawake wajaze vyumba vya kupimwa. Mama wa Goma, Bukavu au Bunia hahitaji mtu mashuhuri afe ili akumbushwe. Anahitaji kituo cha afya chenye muuguzi aliyefundishwa, na bei anayoiweza.