Daftari la farasi halipiki ugali

Jirani yangu ana daftari la wakufunzi wa farasi wa Uingereza na Ireland: nani ameshinda asilimia ngapi. Anabeti kwa kulifuata, na pesa yenyewe ni posho ya chakula. Dogo, hesabu yako ni nusu! Mkufunzi akishinda mara 20 katika mbio 100, na kila ushindi unakulipa mara 4 ya ulichoweka, basi ukiweka shilingi 10 kila mbio umetoa 1000, umerudishiwa 800. Willie Mullins amevuka ushindi 100 kwenye tamasha la Cheltenham, sawa, lakini wabetiji wote wanamjua, ndiyo maana odi za farasi wake ni ndogo. Na zile mbio za katuni kwenye simu? Hazina hata farasi, sembuse mkufunzi. Ninyi wa mashirika, kila siku semina za ujasiriamali. Fundisheni na hili la odi. Jana mama yake alikuja kwangu kukopa unga.