Mabadiliko ya 2002 hayakuwa zawadi ya Moi

Mwandishi mmoja amedai gazetini kwamba mabadiliko ya uongozi ya Desemba 2002 yalikuwa zawadi ya Rais Moi kwa Wakenya. Hapana. Kweli aling'atuka kwa amani, na hilo tumpe haki yake. Lakini katiba ilishamfungia mlango kwa ukomo wa mihula miwili, na mrithi aliyempigia debe, Uhuru Kenyatta, alibwagwa: asilimia 31 dhidi ya 62 za Mwai Kibaki.

Usiku wa uchaguzi, tarehe 27, kura zilihesabiwa pale pale vituoni, karatasi moja moja ikiinuliwa mawakala waione, badala ya masanduku kusafirishwa usiku kwenda kuhesabiwa mbali. Upinzani nao ulikuwa umeungana chini ya NARC, muungano wa Kibaki. Ulipogawanyika mwaka 1992, Moi alipita kwa asilimia 36 tu.

Na umati uliomrushia Moi matope pale Uhuru Park, Kibaki alipoapishwa tarehe 30, haukuwa umekuja kushukuru kwa zawadi. Tusiwafunze vijana kwamba madaraka hutolewa kwa hisani. Wananchi walipanga foleni, wakalinda kura zao, wakashinda.